Mocímboa da Praia: Wanarudi mezani kabla ya kurudi dukani

MOCÍMBOA DA PRAIA, Msumbiji

Mfanyabiashara anayeingia mji huu akitokea Mtwara haanzi kuuliza bei ya mchele wala kiwango cha kubadilisha fedha. Anauliza kwanza kama mama lishe wa njia ya bandarini amewasha moto. Akiambiwa yupo, anashusha begi. Akiambiwa hajaonekana tangu juzi, anauliza swali la pili kwa sauti ya chini, na pengine halali mjini usiku huo.

Ni kipimo cha ajabu, lakini wanaokitumia wana sababu zao. Mama lishe ananunua samaki alfajiri kwa wavuvi, anachukua kuni kwa watu wanaotoka vijijini, na anahudumia madereva wa barabara ya Awasse. Habari za njia humfikia kabla hazijafika kwenye simu ya mtu yeyote. Tena hana mtaji wa kuchezea. Sufuria ya wali ikikosa walaji, hasara ni yake peke yake. Akipika, maana yake amepima.

Msomaji anayevuka mpaka anaijua historia, lakini tarehe zake zinafaa kukumbukwa. Mji ulishambuliwa mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 2017. Machi 2020 wapiganaji waliuingia na kutoka. Agosti mwaka huohuo waliuteka pamoja na bandari yake, wakaukalia kwa takriban mwaka mzima, hadi tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa. Tanzania nayo ilionja: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu waliovuka Mto Ruvuma. Wakazi wa Mocímboa walianza kurejea kwa wingi mwaka 2022. Lakini Septemba 2025 mashambulizi yaliufikia tena mji, na shirika la Médecins Sans Frontières likasimamisha shughuli zake huko. Kwa hiyo swali kuhusu moto wa mama lishe si utani.

Wanne, sinia moja

Wanaokula pamoja siku hii ni wanne. Wawili wametoka Mtwara, mmoja anauza vitunguu, mwingine nguo na vyombo vya plastiki. Wa tatu ni Mmwani mwenye duka hapahapa mjini. Wa nne ni dereva, Mmakonde wa Mueda, ambaye ana ndugu Newala na huongea Kimakonde kilekile pande zote mbili za Ruvuma. Kwa sababu za usalama hawakutaka majina yao yaandikwe.

Siku inaanza na mkate. Asubuhi ya Msumbiji ni pão, mkate mdogo mgumu kwa nje na mwororo kwa ndani, urithi wa Wareno, uliopasuliwa katikati na kujazwa bajia za moto. Mtu wa Tanga au Mombasa anazijua bajia tangu utotoni, ila huzila na chatne kwenye sahani. Huku zinaliwa ndani ya mkate, kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu au kamba ya mzigo. Ni chakula cha mtu mwenye haraka, na kinakaa tumboni hadi saa sita. Muuza vitunguu anakula miwili. Muuza nguo anaomba chai ya maziwa na kupewa ya rangi, analalamika kidogo, kisha anainywa.

Mchana ndipo wanapokaa. Kuna benchi, meza ya mbao, beseni na jagi la kunawia. Muuza nguo Kireno chake ni cha namba na salamu tu, na huwa na wasiwasi wa kuagiza. Dereva alishamwonyesha kwamba anajua kuliko anavyodhani. Meza ni mesa. Kopo ni copo. Mvinyo, ambao hanywi, ni vinho, na nanasi ni ananás. Maneno hayo Waswahili waliyachukua kwa Wareno karne nyingi zilizopita, na leo yanarudi kumsaidia mtu aombe kikombe cha maji. Yaliyobaki ni machache ya kukariri: peixe ni samaki, arroz ni wali, xima ni ugali, lanho ni dafu, troco ni chenji. Hilo la mwisho wafanyabiashara hulijua kabla ya yote.

Kwa mama lishe mwenyewe Kireno hakihitajiki sana. Lugha ya pwani hii ni Kimwani, ile inayosemwa pia Ibo na visiwa vya Quirimbas, na sikio la Mswahili hushika sehemu kubwa likitulia. Wengi hapa wanajua na Kiswahili. Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC, walipokutana Dar es Salaam, waliifanya lugha hii kuwa rasmi katika jumuiya pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mocímboa haikusubiri azimio hilo.

“Mama, shikamoo. Leo kuna nini?”

“Marahaba wanangu. Samaki wa nazi, na matapa.”

Ugomvi wa matapa

Hapo ndipo ugomvi huanza, na huanza kila safari. Muuza vitunguu anashikilia kwamba matapa ni kisamvu tu kilichopewa jina la Kireno. Majani ni ya muhogo, yametwangwa kwenye kinu, yamepikwa na tui la nazi. Mama yake Mtwara anapika vivyo hivyo. Kwa nini alipe bei ya ugeni?

Mwenye duka hakubali. Matapa, anasema, ni karanga. Zinasagwa hadi ziwe laini, zinaingia pamoja na tui, na chungu kinakaa motoni muda mrefu hadi mafuta yaelee juu. Akipatikana kamba au kaa, anaingia naye. Kisamvu cha haraka, cha majani yanayoelea kwenye maji ya kijani, hakina haki ya kuitwa matapa. Dereva anatoa hukumu ya kibarabara: kama unaweza kukimaliza bila kitoweo kingine, ni matapa. Mama lishe anawasikiliza akitabasamu, anaongeza kijiko kwenye sahani ya muuza vitunguu, na kesi inaahirishwa.

Ukweli ni kwamba mwenye duka ana hoja. Karanga hukipa chakula uzito na utamu wa mafuta unaoufunika uchungu kidogo wa majani, na chumvi ya kamba hufanya kazi ambayo kwa kisamvu cha kawaida huachiwa kitunguu. Anayefika kwa mara ya kwanza aagize na xima badala ya wali. Wali wa nazi juu ya matapa ya nazi ni nazi juu ya nazi, na safari ya mchana itakuwa ndefu.

Samaki ni habari nyingine, nayo ni fupi: ni wa leo. Kando yake kuna pilipili ya kusaga, ile ambayo Msumbiji nzima huiita piri-piri, iliyolainishwa kwa ndimu na mafuta. Muuza nguo huitia kwa ncha ya kidole tangu siku alipoitia kwa kijiko.

Kwa Waislamu, chakula cha njia za pwani hakina shida, kwani Wamwani wengi ni Waislamu. Cha kuangalia ni neno barraca. Mgeni hudhani ni mgahawa. Ni kibanda chochote cha biashara, na vingi huuza bia. Anayetafuta chakula aseme chakula.

Kitunguu ndani ya chungu

Ukitazama sahani hiyo kwa jicho la biashara, unaona mpaka mzima. Samaki, nazi na muhogo ni vya hapa. Karanga zimetoka bara. Lakini kitunguu mara nyingi kimevuka Ruvuma, kwa boti za Kilambo na Namoto au kwa kuzunguka mbali kupitia Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano. Sahani ya plastiki nayo huenda imepita njia hiyohiyo. Kutoka kusini bidhaa hupanda kwa barabara ya N380, ambako magari yamekuwa yakisindikizwa na wanajeshi katika baadhi ya sehemu. Msafara ukichelewa, mama lishe hatangazi upungufu. Mchuzi unakuwa mwepesi tu, na wateja wa siku nyingi wanaelewa.

Ndiyo maana muuza vitunguu hula taratibu. Ladha ya mchuzi humwambia kama mzigo wake utauzika kwa siku mbili au kwa wiki.

Kuna jambo lingine linalomkalisha mezani. Mwanzoni mwa 2020 alimwachia huyu mwenye duka magunia ya vitunguu kwa mali kauli, kama walivyozoea kwa miaka. Machi ikaja, kisha Agosti. Duka likachomwa. Mwenye duka alikimbilia Pemba na familia yake bila hata daftari la madeni. Hapakuwa na hati, wala shahidi, wala mahakama ambayo mmoja wao angeipeleka kesi hiyo. Walipokutana tena baada ya mji kufunguka, walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakaenda kula. Deni halikutajwa. Halikutajwa safari ya pili, wala ya tatu.

Wafanyabiashara wa zamani wa mpaka huu watalielewa hilo kuliko mwanasheria. Kudai mbele ya watu ni kumvunja mtu ambaye tayari amevunjwa na vita. Kunyamaza kabisa nako ni kujipotezea mtaji. Kati ya mambo hayo mawili kuna sinia. Kila mlo ni njia ya kusema bado tupo, na kila mmoja anapima kama mwenzake ataweza kuaminiwa tena na mzigo.

Saa tisa alasiri wanaanza kuinuka. Hakuna anayekaa mjini kwa starehe hadi usiku, na dereva anataka kuwa barabarani mapema. Muuza nguo anatoa noti zake za metikali na kuanza kuzihesabu, lakini mwenye duka anamzuia kwa mkono. Ameshalipa. Alilipa alipokwenda kunawa, wote wanne, pamoja na madafu.

Muuza vitunguu anamtazama, hasemi kitu, anarudisha pochi mfukoni. Wakiwa njiani kuelekea kwenye gari, mwenye duka anamuuliza kama safari ijayo anaweza kumletea magunia mawili. Kwa fedha taslimu, anaongeza haraka. Muuza vitunguu anajibu kwamba ataleta matatu, na la tatu watalizungumza wakiwa wanakula.