Gari Iendayo Upande: Pimeni Magurudumu ya Nyuma

Ndugu mwanachama mmoja alinunua gari ya mizigo iliyotumika, kutoka Jorodom huko Manyara, pande za Mbulu na Hanang. Iliteremshwa Mkoani ikiwa nzima, lakini msimu wa karafuu haujesha, usukani ukawa wakaa mshazari hata gari ikienda moja kwa moja. Fundi akanyosha magurudumu ya mbele mara mbili, akalipwa mara mbili, na ila ikabaki. Mwenye gari akashika kumlaumu aliyemuuzia. Sisi tulipoifuata njiani siku ya mvua tuliona alama za tairi za nyuma hazifuati za mbele. Ilikwenda kama kaa.

Basi tuliipima wenyewe, na kila mwanachama aweza kupima yake kwa uzi, viti vinne na rula. Sakafu ya kuanikia yafaa sana, karafuu zikiisha kuzolewa. Shusheni mizigo, jazeni tairi upepo sawasawa, na gari isukumwe mbele hatua chache, usukani ukiwa umenyoka. Kila ubavu ufungwe uzi baina ya viti viwili, kimo cha katikati ya gurudumu. Nafasi baina ya nyuzi mbili iwe moja mbele na nyuma, na gari ikae katikati. Hapa msifanye haraka. Uzi ukikosea, vipimo vyote ni bure.

Kisha pimeni toka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, na hadi ukingo wake wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu laelekea ndani. Ukiwa karibu zaidi, laelekea nje. Moja likielekea ndani na la pili nje, yote mawili yatazama upande mmoja, na ekseli imekwenda mshazari. Hakikisheni kwa kupima toka kati ya gurudumu la mbele hadi kati ya la nyuma, ubavu huu na ule.

Gari ya mwenzetu ilizidi sentimita 2 ubavu wa kushoto. Senta bolti ya springi ilikuwa imekatika na yubolti zimelegea, ekseli ikarudi nyuma. Gari kama hiyo isipakiwe hata gunia moja, kwani ekseli yaweza kuhama tena na kuvuta bomba la breki. Wala mtu asiingie chini yake ikiwa juu ya jeki peke yake.

Gari ndogo ambazo kila gurudumu la nyuma lina springi yake hupimwa vivyo hivyo, ila kuzirekebisha mwachieni fundi.

Mahali bolti ilipokatika palikuwa pang'aa, hapajashika kutu: ilikatikia hapa hapa, katika njia zetu za mashamba. Mwenye gari amekwisha kupiga simu Jorodom kutaka radhi.