Johanna Zenger: Mjane Aliyefichwa na Kiambishi

Mwaka 1710, serikali ya Uingereza iliwasafirisha Wajerumani takribani 3,000 kutoka bonde la mto Rhine hadi koloni la New York. Mamia walifia safarini, akiwemo mume wa Johanna Zenger. Mjane huyo aliwasili na watoto watatu, hana hali wala mali. Gavana Robert Hunter aliwagawa watoto wengi wa wahamiaji hao kwa mabwana. Peter, mwanawe wa miaka 13, akafungwa kwa mkataba wa miaka minane kwa mpigachapa William Bradford.

Ufundi huo ndio uliomwezesha Peter kuchapisha gazeti mwaka 1733. Alipotiwa gerezani mwaka 1734 kwa kumkashifu gavana wa wakati huo, mkewe, Anna Catharina, aliliendeleza. Jopo la raia lilimwachilia mwaka 1735, na kesi yake ikawa nguzo ya uhuru wa magazeti.

Mwana ana sifa. Mama amebaki katika orodha ya wahamiaji, kwa jina Zangerin. Kiambishi -in kilimtambulisha mwanamke katika Kijerumani. Mtafiti asiyeijua mofolojia hiyo humpita Johanna bila kumwona.