Sarafu za bure mtandaoni: Aliye nacho ndiye huongezewa

KIJANA wa Mwatate aliye na rununu yenye intaneti anaweza leo kupokea ujumbe ule ule unaomfikia mwenzake wa Nairobi au London: kwamba amechaguliwa kupata sarafu za kidijitali bila kutoa hata ndururu. Anachotakiwa kufanya, ujumbe huo husema, ni kuunganisha pochi yake.

Baadhi ya jumbe hizo ni za kweli, na wapo watu duniani waliojipatia mamilioni ya pesa kwa njia hiyo. Nyingine ni mitego ya matapeli wanaonuia kuikomba pochi hadi ibaki tupu. Zote huvaa sura moja, na anayetaka kuzitenganisha hana budi kwanza kuelewa namna ugawaji halisi wa sarafu hizo unavyofanywa.

Ugawaji huo huitwa eadropu, jina lililotokana na desturi ya ndege kudondosha shehena ya chakula au dawa kutoka angani. Hata hivyo, jina hilo lapotosha. Shehena ya ndege humfaa yeyote aliye chini, na hasa mwenye njaa. Eadropu nyingi, kinyume chake, humtafuta yule aliye na salio tayari na kumwongezea kwa kadiri ya salio lake. Ni methali ya mkono mtupu haulambwi, ikitekelezwa na tarakilishi.

Daftari lisilofungwa

Ili kufahamu jinsi hilo linavyowezekana, ni vyema kulinganisha pochi ya kidijitali na akaunti ya M-Pesa, huduma ambayo Wakenya wameizoea tangu ilipoanzishwa Machi 2007.

Katika M-Pesa, daftari la salio za wateja huwa mikononi mwa kampuni. Mteja husajiliwa kwa jina na kitambulisho, na jirani yake hana njia ya kujua ana shilingi ngapi.

Sarafu kama vile Bitcoin na Ethereum hufuata utaratibu mwingine. Daftari lake, liitwalo blokucheni, huwekwa katika maelfu ya tarakilishi kote duniani na huweza kusomwa na mtu yeyote. Pochi hutambulika kwa anwani, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiokuwa na jina la mwenyewe. Jina halionekani, lakini salio huonekana.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuwatuza wenye sarafu fulani hahitaji kuwapigia simu wala kuwaandikisha. Huchagua siku na saa, akalisoma daftari lilivyo wakati huo, na kuorodhesha kila anwani pamoja na salio lake. Orodha hiyo ni kama picha iliyopigwa ghafla: aliyekuwamo yumo, aliyechelewa kwa dakika moja hayumo.

Utaratibu huo si mgeni kwa waliowahi kununua hisa. Wakenya walionunua hisa za Safaricom kwa Sh5 kila moja mwaka 2008 wanajua kwamba mgao wa faida hupewa wale ambao majina yao yamo katika sajili siku inapofungwa. Katika kaunti ya Taita Taveta vilevile zipo ranchi zinazomilikiwa na wanahisa, na mwenye hisa nyingi hutarajia mgao mkubwa kuliko mwenye hisa chache.

Tofauti moja, hata hivyo, ni kubwa. Mgao wa kampuni hutoka katika faida iliyokwisha kupatikana. Tokeni za eadropu kwa kawaida huwa zimetengenezwa upya na wenye mradi wenyewe, na thamani yake hutegemea iwapo kuna mtu mahali fulani aliye tayari kuzinunua.

Kuunganisha ni nini?

Mfano ulio wazi zaidi wa kutuzwa kwa salio la pochi iliyounganishwa ni wa sarafu ya Byteball, iliyoanzishwa Desemba 25, 2016. Waanzilishi wake walitaka kuwagawia wenye Bitcoin, lakini daftari lao jipya halikuweza kujua ni anwani ipi ya Bitcoin iliyo mali ya nani.

Suluhisho lilikuwa kumtaka kila mshiriki athibitishe. Alituma kiasi kidogo mno cha Bitcoin kutoka kwa anwani yake, au akatia sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa anwani hiyo, na hapo anwani mbili, ya zamani na mpya, zikaunganishwa. Kisha salio lilihesabiwa katika usiku uliotangazwa, nao ulikuwa usiku wa mwezi mpevu.

Katika duru kadhaa za mwaka 2017, kila Bitcoin 1 ilimletea mwenyewe megabaiti 62.5 za sarafu hiyo mpya. Aliyekuwa na Bitcoin 10 alipata 625. Aliyekuwa na sehemu moja ya mia ya Bitcoin alipata 0.625. Wote wawili walifanya kazi ile ile ya kuunganisha, lakini mmoja alilipwa mara elfu zaidi ya mwenzake.

Wakati mwingine kuunganisha hakuhitajiki kabisa. Bitcoin Cash ilipojitenga na Bitcoin Agosti 1, 2017, kila mwenye Bitcoin alijikuta na kiasi sawa cha sarafu mpya, kwa kuwa daftari lote la awali lilinakiliwa. Lakini waliokuwa wameziweka Bitcoin zao katika masoko ya kubadilishia sarafu hawakuwa na hakika hiyo, maana daftari hutambua anwani ya soko, si ya mteja. Soko la Coinbase, mathalan, liliwapa wateja wake sarafu hizo Desemba mwaka huo, miezi minne baadaye.

Aidha, kanuni huweza kubadilishwa njiani. Mradi wa Flare ulisoma salio za wenye sarafu ya XRP Desemba 12, 2020, lakini tokeni za kwanza ziligawanywa Januari 9, 2023, baada ya zaidi ya miaka miwili. Hata wakati huo walipewa asilimia 15 tu ya mgao wao. Kura ilipopigwa, ikaamuliwa kwamba zilizosalia zigawanywe kidogo kidogo kwa miezi 36, tena kwa wale waliokuwa wanashikilia tokeni za Flare zenyewe. Aliyeziuza za kwanza akajiondoa katika mgao huo.

Hesabu ya mwenye kidogo

Kwa mkazi wa Mwatate anayelipwa kwa siku, awe kibarua wa mkonge au mwendesha bodaboda, hesabu ndiyo inayosema kweli.

Chukulia mradi unaotoa tokeni zenye thamani ya asilimia 1 ya salio. Mwenye sarafu za Sh1 milioni atapata za Sh10,000. Mwenye sarafu za Sh1,000 atapata za Sh10. Kuzipokea huenda kukamgharimu ada ya mtandao, na katika mtandao wa Ethereum ada hiyo imewahi kupita Sh10 kwa mbali sana. Huyo wa pili atakuwa amelipa ili apewe zawadi.

Kwa hivyo kumshawishi mtu akope, auze mbuzi au achukue karo ya mtoto ili akuze salio lake kabla ya siku ya kuhesabiwa ni kumtia hatarini. Bei ya sarafu anayoinunua yaweza kushuka kwa kiasi kinachozidi zawadi yenyewe, hasa kwa kuwa wengi walionunua kwa ajili ya eadropu huuza mara tu hesabu inapokamilika.

Zipo eadropu zisizofuata salio. Septemba 2020, soko la Uniswap liligawa tokeni 400 kwa kila anwani iliyowahi kulitumia kabla ya Septemba 1 mwaka huo. Siku hizo tokeni hizo zilikuwa na thamani ya takriban dola 1,200. Habari hizo zilipoenea, watu wakaanza kufungua pochi kwa mamia wakitarajia kulipwa mara mia. Miradi iliyofuata ikalazimika kuweka masharti makali: Arbitrum, iliyogawa tokeni zake Machi 2023 kwa anwani takriban 625,000, ilizipima kwa alama za matumizi ya muda mrefu na kujaribu kuziondoa pochi za walaghai.

Kenya nayo ilijionea jaribio la kugawa kwa kichwa badala ya salio. Mradi wa Worldcoin ulipozinduliwa Julai 24, 2023, watu walimiminika hadi jumba la KICC jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha, nao wapewe tokeni 25 zilizokadiriwa kuwa na thamani ya Sh7,000 hivi. Picha ya jicho ilikusudiwa kuhakikisha kwamba mtu mmoja hahesabiwi mara mbili.

Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, 2023. Mnamo Mei 5, 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamuru data za miili ya Wakenya zilizokusanywa zifutwe katika muda wa siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Kulinda Data. Miongoni mwa hoja zilizozingatiwa ni kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumwonyesha mtu tokeni si ridhaa ya hiari. Mgao ulioitwa wa bure ulikuwa na bei, nayo ililipwa kwa jicho.

Mtego ulipo

Matapeli hutumia lugha ile ile ya kuunganisha, kuhesabiwa na kudai haki. Mbinu zao kuu ni tatu.

Ya kwanza ni kuomba maneno ya siri, ambayo kwa kawaida huwa 12 au 24, yanayoifungua pochi. Maneno hayo ni sawa na namba ya siri ya M-Pesa na kitambulisho vikiwekwa pamoja. Hakuna eadropu ya kweli inayoyahitaji, kwa sababu salio husomwa katika daftari lililo wazi.

Ya pili ni ya hila zaidi. Kuunganisha pochi na tovuti, peke yake, huionyesha tovuti anwani na salio tu. Hatari huja baadaye, kitufe cha kuidhinisha kinapojitokeza. Idhini hiyo yaweza kuwa ruhusa ya kuzihamisha sarafu zote zilizomo, na anayeibonyeza bila kuisoma huwa ameukabidhi mlango bila kutoa ufunguo. Baadhi ya walaghai hata hudondosha tokeni zisizotarajiwa katika pochi za watu, zikiwa na jina la tovuti, ili mwenye pochi avutike kuitembelea.

Ya tatu ni kudai ada kabla ya malipo. Ni ulaghai wa zamani katika vazi jipya. Wakenya waliopoteza akiba zao mipango ya piramidi ilipoporomoka mwaka 2006 na 2007 wanaufahamu vyema.

Aliyetuma pesa za M-Pesa kimakosa anaweza kuiomba kampuni izirejeshe, na pengine akafanikiwa. Katika blokucheni hakuna afisi ya kuendea, si Mwatate, si Voi wala Nairobi. Muamala ukishaandikwa umeandikwa.

Yupo pia mwenye haki halisi anayetaka kuipokea kwa usalama. Kwa kuwa haki hiyo hubaki na anwani iliyohesabiwa, anaweza kuzihamishia sarafu zake nyingine katika pochi tofauti baada ya siku ya hesabu, kisha akadai zawadi kwa pochi iliyobaki karibu tupu. Hata akinaswa, atapoteza kidogo.

Sheria yafika wapi?

Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi dhidi ya sarafu hizi tangu Desemba 2015. Ilichukua karibu miaka 10 kabla ya Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali kutiwa saini Oktoba 2025. Sheria hiyo inawataka wenye masoko na wahifadhi wa sarafu wapate leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Hatua hiyo inampa raia mahali pa kuuliza iwapo soko fulani linatambuliwa. Lakini sheria husimamia biashara zinazojulikana. Tapeli asiye na jina, anayetumia tovuti iliyofunguliwa jana na itakayofungwa kesho, haendi kuomba leseni.

Ulinzi wa kwanza, basi, umo mikononi mwa mwenye rununu. Anapopata habari ya sarafu za bure, na ajiulize: ni salio gani lililohesabiwa, na lilihesabiwa tarehe gani? Iwapo hakuwa na sarafu hiyo wala hakuitumia huduma hiyo siku hiyo, hana anachodai. Iwapo alikuwa nayo, jibu limo katika daftari ambalo kila mtu anaweza kulisoma, na hakuna sababu ya yeyote kumwomba siri wala ada ili alithibitishe.