Insha ya Hoja na Kazi ya Kikundi katika Shule za Upili

Insha ya hoja ni miongoni mwa tungo ambazo wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya huziandika mara kwa mara. Hata hivyo, aghalabu kinachoandikwa huwa orodha tu. Mwanafunzi huanza na 'kwanza', akafuatisha 'pili' na 'isitoshe', mradi idadi ya hoja itimie, ilhali uhusiano baina ya hoja na ushahidi wake umeachwa ukielea. Lawama isielekezwe kwake peke yake: amefunzwa kuhesabu hoja, hakufunzwa kuzipima.

Mwanafalsafa Mwingereza, Stephen Toulmin, katika kitabu chake The Uses of Argument cha mwaka 1958, alionyesha kuwa hoja ina viungo kadhaa. Kuna dai, kuna ushahidi unaoliegemeza, na kuna kile kinachoweza kuitwa daraja, yaani sababu ya kuufanya ushahidi huo ufikishe kwenye dai hilo. Juu ya hayo huja tegemeo la daraja lenyewe, kiwango cha uhakika wa dai na pingamizi zinazoweza kulibatilisha. Daraja ndilo linalokosekana zaidi kwa kuwa kwa kawaida halitamkwi.

Ichukuliwe mada 'Shule za bweni zifutiliwe mbali'. Mwanafunzi atautaja mkasa wa Kyanguli wa mwaka 2001, ambapo wanafunzi 67 waliangamia kwa moto bwenini, na ule wa Hillside Endarasha wa mwaka 2024 uliowaua wavulana 21. Ushahidi huu ni wa kweli, tena ni mzito. Je, unalithibitisha dai? Kule Kyanguli, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulikataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni na kuagiza nafasi isiyopungua mita 1.2 baina ya vitanda. Basi mpinzani anaweza kuutumia ushahidi uo huo kudai kwamba kinachoua ni ukiukaji wa kanuni, wala si bweni. Anayetaka mabweni yafutwe hana budi kujenga daraja jingine: aonyeshe kwamba ni muhali kanuni hizo kutekelezwa katika kila shule. Hapo ndipo insha inapoanza.

Kazi hii ni nzito kwa mwanafunzi mmoja, na ndiyo sababu kikundi kinahitajika. Lakini kikundi cha kawaida kinajulikana: mmoja huandika, wengine hutia majina. Elliot Aronson na wenzake walibuni dawa ya kasoro hii mjini Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule za huko zilipoanza kuchanganya watoto wa asili mbalimbali na uhasama ukazuka. Kila mwanafunzi katika kikundi cha watano au sita alipewa sehemu moja tu ya somo, akakutana na wenzake wa vikundi vingine wenye sehemu iyo hiyo, kisha akarudi kuwafunza wa kwake. Hakuna aliyeweza kupuuzwa, maadamu kila mmoja alishika kipande ambacho wengine hawakuwa nacho.

Kwa mada ya mabweni, mmoja atashika historia ya mikasa ya moto, wa pili kanuni za usalama, wa tatu gharama kwa wazazi, wa nne hali ya watoto wa wafugaji ambao shule ya kutwa iko mbali nao, wa tano malezi ya nyumbani. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi. Viwili vinavyofuatana ndivyo vinavyofaa. Baadaye kila mmoja huandika insha yake mwenyewe.

Lugha yenyewe ina zana za kutosha. 'Maadamu' na 'kwa kuwa' hubeba daraja. 'Yamkini', 'huenda' na 'aghalabu' hupima uhakika. 'Ijapokuwa' na 'licha ya' humpa mpinzani haki yake kabla ya kujibiwa. Maneno haya hufunzwa mno kama viunganishi vya kukaririwa katika sarufi, na ni nadra mwanafunzi kuambiwa kazi yake katika hoja. Kikundi kinaposoma rasimu ya mwenzao, kinaweza kuanzia papo hapo: kipigie mstari kila 'kwa hivyo', kisha kimwulize mwandishi kilichomfikisha hapo.