Moyo Ukidunda Ovyo, Usiache Warfarini

Msikilizaji wetu wa Buwenge, moyo ukidunda bila mpangilio, damu hutuama ndani yake na kuganda. Bonge likifika ubongoni, unapooza. Dawa ya kutuliza mapigo haitoshi. Huenda ukahitaji pia ya kuzuia damu kuganda. Kama vali iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, uliona vifo vichache kwa dawa za kundi la warfarini kuliko kwa rivaroksabani. Damu ipimwe mara kwa mara. Mboga kama dodo, kula kiasi kilekile. Ukitaka kushika mimba, mwambie daktari kwanza. Ukijisikia nafuu, usiache dozi. Mdomo ukipinda ghafla, wahi Hospitali ya Rufaa ya Jinja.