Mikrobiolojia ya Tiba: Maswali Mawili Kabla ya Kuchagua



Kila msimu wa kuomba vyuo unapowadia, sisi wazazi wa hapa Lewisham huwa na neno moja tu midomoni: udaktari. Kijana akitamka kwamba anapenda kusoma mikrobiolojia ya tiba, twamdhania amekata tamaa. Hiyo si haki.

Daktari akitaka kujua kilichomo ndani ya mkojo au usaha wa mgonjwa, hupeleka maabara. Huko vijidudu huoteshwa juu ya agari, rojo itokanayo na mwani, kisha hujaribiwa dawa ipi itaviua. Thamani ya maabara ilidhihirika Juni 2024, wahalifu wa kompyuta walipoishambulia Synnovis, inayopima sampuli za hospitali na zahanati nyingi za kusini-mashariki ya London. Operesheni ziliahirishwa, na vipimo vya damu vikakwama.

Shahada yenyewe huchukua kwa kawaida miaka 3. Vyuo hutaka Bayolojia ya A-level, na mara nyingi Kemia pia. Mwanafunzi husoma bakteria, virusi, kuvu na vimelea, kinga ya mwili, na namna vijidudu vinavyokuwa sugu kwa dawa. Hata hivyo, shahada hii haimfanyi mtu daktari. Anayetaka kuwa daktari bingwa wa mikrobiolojia hana budi kupitia kwanza masomo ya udaktari.

Swali la kwanza tuulize hivi: je, shahada hiyo imeidhinishwa na taasisi iitwayo IBMS? Mwanasayansi wa maabara za hospitali hawezi kutumia cheo hicho kisheria mpaka jina lake liandikwe katika daftari la baraza la HCPC. Njia ya kawaida ni shahada iliyoidhinishwa, pamoja na mafunzo katika maabara inayokubalika. Asiyekuwa nayo huenda akalazimika kurudi darasani kusoma masomo ya nyongeza, kwa gharama mpya. Jina zuri la shahada si dhamana.

Swali la pili: nani atalipa? Mwaka 2025 kiwango cha juu cha ada nchini Uingereza kilipanda hadi pauni 9,535 kwa mwaka, na mkopo wa serikali una riba, jambo linalozikosesha usingizi nyumba nyingi za Waislamu. Basi tusisahau uanagenzi wa shahada katika sayansi ya afya: mwanafunzi huajiriwa maabara, hulipwa mshahara, na ada hulipwa na mwajiri na serikali. Nafasi ni chache, na huombwa kwa mwajiri kama kazi iombwavyo. Hapo napo tuulize kama njia hiyo yafikisha kwenye daftari la HCPC.

Tuyaulize haya siku ya kutembelea chuo, kabla fomu haijajazwa. Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.