Chanjo ya Oktoba haikufikishi Julai: onyo kwa wenye kisukari wanaokwenda nyumbani

Kila mwaka tiketi za likizo ya Julai na Agosti zinapoanza kukatwa, Watanzania wa Uingereza wenye kisukari huuliza maswali mawili yale yale. Je, sindano ya mafua niliyochomwa Oktoba bado inanilinda? Na je, naweza kumnunulia mama dozi yake hapa famasi nikampelekea Mahongole, mkoani Njombe? Kwa swali la kwanza, usiitegemee; la pili jibu lake ni hapana. Sababu zinafaa kuelezwa taratibu, kwa maana wanaonaswa hapa si wazembe. Wengi hupima sukari asubuhi na jioni bila kukosa.

Tuanze na kalenda. Chanjo hii hupitiwa upya kila mwaka: Shirika la Afya Duniani hupendekeza virusi vya kulengwa mwezi Februari kwa majira ya baridi ya kaskazini, na Septemba kwa yale ya kusini. Hapa Uingereza huduma ya afya ya taifa (NHS) huwachoma watu wazima kuanzia Oktoba na kufunga hesabu mwisho wa Machi. Baridi ya Njombe na Makambako hukaza Juni hadi Agosti, watu wakiwa wamejifungia ndani kuota moto, na ndani ya basi la kutoka Dar hakuna anayekubali dirisha lifunguliwe. Kutoka Oktoba hadi Julai ni miezi tisa, wakati kinga ya chanjo hii huanza kupungua ndani ya miezi michache. Ukienda kwa daktari wako wa familia (GP) mwezi Juni utaambiwa dozi zimekwisha, urudi vuli. Mhudumu hana kosa, anafuata mwongozo. Mwongozo ndio ulioandikwa kana kwamba hakuna mgonjwa wa mjini Reading mwenye wazazi kusini mwa ikweta.

Kumbebea mama chanjo ni kosa kubwa zaidi. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu kiwandani hadi inapochomwa. Ikiganda imeharibika, na kwa macho huenda usione tofauti yoyote. Kwenye begi la chini ya ndege inaweza kuganda, kwenye begi la mkononi itapata joto, na ukishuka Dar bado una safari ya kutwa nzima hadi Makambako. Isitoshe, uingizaji wa dawa na chanjo nchini Tanzania unasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na muuguzi makini hawezi kumchoma mtu dozi asiyojua imelalaje njiani. Hata insulini yako usiiweke begi la chini.

Wapo watakaosema haya yote ni makuu, mafua ni mafua, tangawizi na limau vinatosha. Kwa mwenye kisukari havitoshi. Homa kali huufanya mwili utoe homoni zinazoamuru ini kumwaga sukari kwenye damu, hivyo sukari hupanda hata kwa mtu asiyekula kitu, na sukari ikiwa juu askari wa mwili hupigana vibaya, nimonia ikapata njia. Katika mlipuko wa H1N1 wa 2009, watafiti wa Quebec, Kanada, walikuta kwamba wenye kisukari walikuwa katika hatari ya kulazwa takribani mara tatu ya wengine, na wakishalazwa, ya kuingizwa chumba cha wagonjwa mahututi takribani mara nne. Wengine hudai sindano ndiyo huwaletea mafua. Sindano wanayopewa watu wazima haina virusi hai; maumivu ya mkono na uchovu wa siku moja mbili ni kazi ya kinga kujengeka. Wanaosema hata waliochanjwa huugua wana hoja, kwani mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Lakini kwa mtu ambaye wiki moja ya homa inaweza kumfikisha wodini, nusu ya hatari si kitu cha kudharau.

Nyumbani nako chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa, kwa hiyo usitarajie kuikuta zahanati. Tunaambiwa kwamba mfumo wa chanjo umejengwa kwa ajili ya watoto. Lakini mwaka 2021 chanjo ya UVIKO ilipoingia, wazee na wenye magonjwa sugu waliwekwa mstari wa mbele, na majokofu yakatumika. Kumbe inawezekana, kinachokosekana ni uamuzi.

Kwa sasa, chanja Oktoba kama kawaida. Kisukari kinakupa haki ya kuchanjwa bure, na kujiandikisha kwa GP hakudai hati ya ukaazi. Kabla ya safari, pigia simu hospitali binafsi kubwa za Dar, uliza kama chanjo ipo, ni ya msimu gani na inaisha muda lini. Kumbuka kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Ukichomwa leo na kesho ukapanda Makambako, bado hujalindwa.

Homa ikimpata mama naye ana kisukari, msikimbilie dawa ya malaria bila kipimo, maana Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Kosa linaloua ni kusema, "Hajala, basi asichome insulini." Asiiache. Apime sukari kila baada ya saa chache, anywe maji, na daktari ndiye aseme dozi ibadilishwe vipi na kama metformin isimamishwe. Soda na glukosi ya kopo "ya kumpa nguvu" zisiletwe kitandani ikiwa sukari iko juu. Akianza kutapika mfululizo, kupumua haraka au kuongea visivyoeleweka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi.